Kuku wa Siku ya Kutembelewa

Wewe uliyekuwa safarini nikufupishie, usije ukapotea njiani.

Angeline ni mwanamke wa Butere anayefanya kazi ya kuwatunza wazee kule Erdington, Birmingham. Mumewe, Bethuel, alihamia Leeds na hakuacha hata anwani. Mtoto wao ni mmoja tu, Jemima, wa miaka kumi na miwili, na Jemima ana mwili. Nesi wa shule alimwita Angeline, akamwonyesha picha za mioyo iliyozibwa na mafuta, akamtisha mpaka jasho likamtoka. Likizo ya kiangazi ilipofika Angeline akampeleka mtoto kambini, mahali watoto wanene wanapofundishwa kupungua.

Tulimwacha mama huyu getini akipunga mkono. Jemima alikuwa ameingia ndani bila kugeuka.

Sasa sikiliza yaliyofuata, na usimhukumu mapema kama nilivyomhukumu mimi.

Nyumba bila Jemima ilimshinda Angeline. Siku zote alilalamika kwamba mtoto ana kelele, na hakuwa amejua kuwa kelele zile ndizo zilizomwezesha kuishi ugenini. Akirudi kazini jioni aliwasha televisheni, akaiacha ikiongea peke yake chini huku yeye akikaa juu kitandani mwa mtoto. Simu za watoto zilichukuliwa siku ya kwanza. Waliruhusiwa kupiga Jumatano tu, kwa zamu, na Jemima alipopiga alisema yuko sawa, kila kitu kiko sawa, kwaheri.

Wa kumlilia hakuwepo. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba Jemima yuko kwa shangazi yake Leicester. Aliogopa kuchekwa. Akina mama wale walizoea kumsifu kwamba mtoto amejaa, mtoto amelishwa akalishika, na hata walipotania walitania kwa mapenzi. Angewaambiaje kwamba amempeleka mtoto huyo huyo mahali pa kupimiwa chakula? Kwa hiyo Jumapili walipomwuliza habari za Leicester alijibu kwamba ni njema, akatabasamu, akaenda zake nyumbani akiwa mpweke kuliko alivyokuja.

Kisha ujumbe ukaja kutoka kambini. Familia zote zinakaribishwa Jumapili, kuanzia asubuhi.

Angeline alielewa mara moja. Ilikuwa siku ya kutembelewa.

Kama hukusoma shule ya bweni Kenya, hebu nikuambie. Siku ya kutembelewa wazazi hufurika uwanjani na leso na mahotipoti. Kuku hufunuliwa, chapati hufunuliwa, na mtoto hula mpaka akalala palepale kwenye nyasi. Asiyetembelewa huzunguka na sahani tupu akijifanya anamtafuta rafiki. Angeline alikuwa huyo wa kuzunguka. Mama yake alikuwa na kibanda sokoni na hakuja hata mara moja. Angeline aliapa kwamba akijaliwa mtoto, mtoto wake hatazunguka na sahani.

Ujumbe ulisema pia, chini kabisa, kwamba chakula kutoka nje hakiruhusiwi. Aliusoma mstari huo, sitamtetea. Lakini hata shuleni kwao kila muhula mwalimu mkuu aliandika hivyo hivyo, na kila muhula kuku waliingia. Mwalimu wa zamu aligeuza uso, akatupiwa paja moja, mambo yakaisha. Angeline aliona ni lugha ya shule tu.

Na alijitahidi, maskini. Alimtoa kuku ngozi. Chapati hakuzipaka mafuta mengi. Alifikiri kwa kufanya hivyo amekutana na wazungu katikati ya njia.

Alipanda treni Erdington, kiondo mapajani, na hotipoti ndani ya kiondo. Treni ilipofika katikati ya jiji behewa zima lilikuwa likinuka kuku. Mzee mmoja alimtazama kwa wivu. Aliposhuka Northfield alichukua teksi mpaka nje kidogo, ambako nyumba zinaisha na vilima vinaanza, kwenye shule ya binafsi ambayo kambi ilikuwa imeikodi.

Getini alipokewa na Oliver, msimamizi wa kambi. Alikuwa kijana wa kaptura, goti limechubuka, na tabasamu lake lilikuwa la kweli.

"Wewe ni mama Jemima," alisema, naye bila shaka alisema kwa Kiingereza. "Ametupa raha huyu mtoto. Subiri utaona." Kisha akanusa. "Umebeba nini?"

"Chakula changu," Angeline alijibu. "Nina tumbo la vidonda, sikai bila kula."

Tumbo la Angeline ni zima kabisa.

"Kinanukia vizuri," Oliver akasema. "Kaa nacho wewe, watoto wasikione tu. Tumewaahidi."

Angeline alipita akicheka moyoni. Mwalimu wa zamu amegeuza uso, alijiambia.

Jemima alikuwa ukumbini na timu yake, wote wamevaa fulana za njano. Angeline alimtambua kwa nywele. Mashavu hayakuwepo. Fulana ilimning'inia mabegani. Alimkumbatia, na mikono yake ikakutana nyuma ya mgongo wa mtoto mapema kuliko alivyozoea, akashtuka, halafu akafurahi, kwa sababu si ndicho alichomleta kutafuta?

"Umepungua, mama," Angeline alisema.

"I know," Jemima alisema, naye akatabasamu.

Watoto waliketi duara, wazazi wakasimama ukutani. Oliver alianza kuita majina ya waliopungua wiki hiyo. Kila jina lilipigiwa makofi na miguu sakafuni, na pointi za mtoto ziliandikwa ubaoni chini ya timu yake. Jemima aliitwa mwisho. Alikuwa amewashinda wote, timu yake imepanda mpaka juu, na watoto walipiga miguu mpaka madirisha yakatetemeka. Msichana mmoja alimrukia shingoni.

Angeline alilia. Hakuwa amewahi kuona watu wakimpigia Jemima makofi. Shuleni, siku ya michezo, Jemima ndiye aliyelindishwa makoti ya wenzake. Leo alisimama katikati akainama kidogo, uso unang'aa, na mama yake akamshukuru Mungu kwa nesi, kwa Oliver, kwa kambi yote.

Baada ya hapo familia zilitawanyika nje. Angeline alimvuta Jemima mpaka nyuma ya banda la baiskeli, akatandika leso, akafungua hotipoti.

"Karibu nyumbani," alisema. "Kula kidogo, hakuna anayeona."

Jemima alikauka. Aliitazama ile hotipoti kama mtu aliyeonyeshwa nyoka.

"Funika."

"Paja moja tu. Nimelitoa ngozi."

"Funika, mama. Tafadhali."

Alisema kwa Kiswahili. Jemima huelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku. Kiswahili alikitoa tu pale asipotaka watu wengine wasikie. Angeline alifunika.

"Wakikuta chakula, timu nzima inapoteza pointi," Jemima alirudi kwenye Kiingereza chake, haraka haraka, akitazama huku na huku. "Watanichukia. Wiki ya kwanza sikupungua, hakuna aliyekaa na mimi. Hakuna hata mmoja, Mum. Nilikuwa nakula peke yangu."

"Hukuniambia."

"Kwenye simu? Wakati wengine wako foleni nyuma yangu?"

Angeline aliirudisha hotipoti kiondoni. Alimwuliza kama atakula chakula cha kambi, Jemima akasema atakula, kengele ikalia, akakimbia. Mama alibaki akikunja leso. Ilimwuma kwamba mtoto alikuwa ametafuna upweke wake huku kimya kimya, na yeye wake kule Erdington, na Jumatano wakadanganyana kwamba wako sawa.

Wazazi waliandaliwa chai verandani, mbele ya madirisha ya bwalo la kulia. Hapo ndipo mama mmoja wa Kihindi wa makamo, amevaa shalwar, suruali pana ya kijani, na sweta juu, alipomsogelea.

"Nimekusikia unaita mtoto," alisema kwa Kiswahili. "Wewe ni mtu ya wapi?"

"Butere."

"Mimi ni mtu ya Kisumu. Duka yetu ilikuwa karibu na stendi. Naitwa Nilam."

Alikuwa nyanya yake Jasdeep, msichana aliyelala chumba kimoja na Jemima na kula naye meza moja. Msomaji, wacha hawa wawili waongee kidogo. Waliongea juu ya samaki wa kukaangwa, juu ya mvua ya Kisumu, juu ya baridi ya huku ambayo haizoeleki hata ukizeeka nayo. Angeline alijikuta akimwambia Nilam ukweli wote, Leeds, Leicester ya uongo, televisheni inayoongea peke yake. Kiangazi kizima hakuwa amefungua mdomo hivyo. Moyo ukawa mwepesi, akafungua na hotipoti.

"Karibu, mama. Nyama najua huenda huli, lakini chapati ni chapati."

Nilam alimega chapati. Kisha akamwona kuku, mzima, hajaguswa, na taya zikasimama.

"Hii ilikuwa ya Jemima?"

"Ameikataa. Anaogopa pointi."

Nilam alitazama nyuma yake, akashusha sauti.

"Mama Jemima, mimi pia ni mzazi, siwezi kunyamaza. Huyo mtoto yako hali. Jasdeep ameniambia leo. Sahani ikija, Jemima anasukuma kwa Jasdeep chini chini, Jasdeep anakula mbili. Ndiyo maana yangu hapungui. Asubuhi Jemima anasema tumbo inauma. Jana ameshika ukuta akitoka kuoga."

"Lakini wanawaangalia."

"Angalia wewe mwenyewe."

Angeline alisogea dirishani. Jemima aliketi mwisho wa meza. Uma ulipanda mpaka mdomoni, ukashuka vilevile ulivyopanda. Mlezi wa kambi alipopita karibu, Jemima alitabasamu na kutafuna, akitafuna hewa tupu. Mlezi alipokwisha kupita, sahani ikahamia kwa Jasdeep.

Ndipo alipozikumbuka zile shangwe za ukumbini. Watoto walikuwa wamepiga miguu madirisha yakatetemeka, naye amelia kwa shukrani, kumbe walikuwa wakiishangilia njaa ya mtoto wake.

Alimwendea Oliver moja kwa moja. Aliongea kwa haraka, Kiingereza kikimponyoka, na Oliver alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita Jemima.

"Mama yako ana wasiwasi. Anasema huli."

"Nakula kila kitu," Jemima alisema. "Waulize mezani."

"Jemima, nimekuona," Angeline akasema.

Mtoto alimtazama mama yake. Angeline aliona hofu machoni mwake, hofu tupu, na hata sasa akisimulia husema angeinyamazia hofu hiyo kama angejua itakakowapeleka.

"Mum ameniletea kuku," Jemima alimwambia Oliver. "Amenipeleka nyuma ya banda la baiskeli. Ameniambia nile, hakuna anayeona."

Oliver alikitazama kiondo. Angeline alihisi kila mzazi pale verandani amekitazama kiondo.

"Uliniambia ni chakula chako," Oliver alisema polepole.

"Nilidanganya kwa hilo. Kwa hili sidanganyi. Muulize mama huyu, ndiye aliyeniambia."

Nilam alikuwa bado ameshika kipande cha chapati. Nyuma ya Oliver, mlangoni, Jasdeep alikuwa amesimama, machozi yamemjaa, akitikisa kichwa polepole. Jasdeep ambaye alikula sahani mbili kila siku. Jasdeep ambaye timu nzima ingeijua siri yake leo.

"Mimi sijui," Nilam alisema kwa Kiingereza kilichonyooka. "Nafikiri watoto wote wanakula."

"Mama, si umeniambia sasa hivi?" Angeline alimwuliza kwa Kiswahili.

Nilam aliviangalia vikombe vya chai.

"Tulikuwa tunaongea tu," alijibu, tena kwa Kiingereza.

Oliver si mtu mbaya, na ningependa ungemchukia ili kazi yangu iwe rahisi. Alimpeleka Angeline pembeni, akaongea kwa upole. Atawaambia walezi wamwangalie Jemima mezani, aliahidi. Na kama Angeline anataka kumchukua mtoto wake leo, ni mtoto wake, hakuna atakayemzuia. Lakini mzazi amedanganya getini, amempa mtoto chakula kwa siri katikati ya matibabu, na mtoto mwenyewe amesema anataka kubaki. Lazima awaarifu watu wanaohusika na ustawi wa watoto. Angefanya hivyo kwa mzazi yeyote.

Social, ndivyo wanavyowaita watu hao.

Mkenya wa Birmingham akilisikia neno hilo huwaita watoto ndani akafunga mlango. Angeline alizijua hadithi zote zilizozunguka kanisani, za mama aliyempiga mwanawe kofi akamkosa mwaka mzima, za watoto waliopelekwa kwa watu wasiojua hata kuwapaka mafuta. Huenda nusu yake ilikuwa chumvi. Yeye aliziamini zote. Akimchukua Jemima kwa nguvu, watakuja na mafaili yao mpaka mlangoni Erdington. Akimwacha, mtoto ataendelea kutafuna hewa.

Aliomba aongee naye peke yao. Waliketi kwenye ngazi.

"Twende nyumbani," Angeline alisema.

"Nikafanye nini? Uko kazini kila siku."

"Nitaomba likizo."

"Kila siku unasema."

"Jemima, ukiendelea hivi utaumwa. Mimi nakaa na wagonjwa, najua mtu asiyekula anavyokuwa."

"Hapa wananipigia makofi," Jemima alisema.

"Mimi ndiye niliyekuzaa."

"Na ndiye uliyenileta." Jemima hakupaza sauti. Alikuwa akiuvuta uzi wa fulana, na vidole vyake vilikuwa vya baridi Angeline alipovishika. "Ulisema nikipungua kila kitu kitakuwa sawa. Kwenye gari ulisema. Nimepungua. Nimewashinda wote, Mum. Na umekuja umekasirika."

Angeline alimvutia kifuani akamshika. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa amemaanisha hivyo, kwamba alikuwa mzuri hata zamani, kwamba nyumba haikaliki bila yeye. Yote yalikuwa kweli, lakini alichofanya ni kumpapasa nywele tu.

Oliver alikuja. Timu zilikuwa zikijipanga kwa matembezi ya kilimani, na familia zilikuwa zikiagana.

"Umeamua nini?" aliuliza.

Angeline alifungua mdomo. Jemima akamtangulia.

"Mum anaenda nyumbani," alisema. Alisimama taratibu, mkono mmoja ukishika nguzo ya ngazi. "Naomba nimsindikize mpaka getini."

Basi wakashika njia, mtoto akimsindikiza mama yake kama mtu anavyomsindikiza mgeni. Hivyo ndivyo Angeline alivyojisikia, mgeni aliyekaa kuliko alivyotakiwa. Nyuma yao watoto wa fulana za njano walimwita Jemima afanye haraka. Angeline alikishika kiondo kwa mkono mmoja, na mtoto kwa mwingine. Alikuwa akihesabu moyoni ni kipi kinamwogopesha zaidi, social au ule uma uliopanda na kushuka, na alijua kwamba geti likishafunguka atakuwa amechagua.

Walipofika katikati ya njia ya changarawe mkono wa Jemima ukawa mzito ghafla, ukamvuta nyuma.

Amebadili nia, Angeline alifikiri. Anataka twende wote. Akageuka, tayari ameanza kutabasamu.

Jemima alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe, macho wazi, lakini hayakuwa yakimwona. Kisha akalalia ubavu, taratibu, bila sauti.

Verandani kikombe kilivunjika. Nilam alikuwa akija mbio, kitambaa kimemwanguka shingoni, akipaza sauti kwa Kiswahili kitupu, maneno yakimtoka yakigongana.

"Hajala huyo. Waambie, mama. Tangu juzi hajaweka kitu mdomoni, hata maji anatema. Waambie."

Oliver alifika wa kwanza. Alimgusa Jemima shingoni, akamwinamia puani kusikiliza pumzi, kisha akainua uso uliokuwa umepauka kabisa, akamtazama Angeline.

"Anasema nini yule mama?" aliuliza.